MBAO ZA AFUNGI: KUCHORA PWANI YETU JUU YA MTI

Hotuba ya walimu wa darasa la ufundi, iliyosomwa mbele ya jamii katika siku ya kumbukumbu ya tarehe 24 Machi

 

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuanza tarehe 5 Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, lakini kwa sisi wa rasi ya Afungi na jirani zake, siku hiyo ya Machi ndiyo iliyotung'oa. Waliokufa tumewaombea dua asubuhi ya leo. Waliopotea bado tunawangoja. Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache juu ya mbao zilizotundikwa kwenye banda la shule, maana watu wengi wamezitazama na maswali yamekuwa matatu: Ni kazi gani hii? Inatengenezwaje? Na je, zinauzwa? Tutajibu yote matatu kwa mpango huo huo. La tatu ndilo zito, na ndiyo maana tumeliweka mwisho.

NI KAZI GANI HII

Ni picha zilizochorwa juu ya ubao, lakini si kwa rangi peke yake. Mkisogea karibu mtaona udongo mwekundu, makaa ya kusaga, chokaa, vipande vya makome, nyuzi za nyavu kuukuu, ukili, na maganda ya miti. Kila ubao una kitu kimoja cha pwani ya Afungi: mwamba wakati wa maji kupwa, mikoko ya hori, mkanju wenye matunda, mbuyu, kasa anayepanda pwani kutaga, mashua iliyopandishwa mchangani. Chini ya picha limeandikwa jina la kitu hicho kwa lugha ya nyumbani kwa mtoto aliyechora, iwe Kimwani, Kimakwe au Kimakonde, na pembeni kwa Kiswahili.

Sababu ya kuanza ilitoka darasani. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 2021 leo anakaa kwenye dawati na kushika kalamu. Katika somo la lugha tuliwauliza watoto maana ya maneno ya bahari, yale ambayo sisi tulipokuwa wadogo hatukufundishwa na mtu, tuliyavuta tu pamoja na hewa. Tulipofika kwenye maji kupwa, mtoto mmoja alieleza kwa sauti na kwa uhakika kwamba maji kupwa ni pale bomba linapofungwa mchana. Wenzake hawakucheka. Waliona amejibu vizuri.

Walimu ndio tuliotazamana. Huyu ni mtoto wa mvuvi, mjukuu wa mvuvi. Bamvua na maji mafu, pepo za kusi na kaskazi, chaza, kombe na pweza wa mwambani, hayo kwake ni maneno ya kitabuni. Na hawezi kulaumiwa, kwa sababu neno hukaa kinywani pale mkono unapokigusa kitu chenyewe. Basi tukaona heri mkono uguse kitu, hata kama bahari iko mbali.

SI KAZI NGENI KWETU

Wengine wamesema hii ni michezo ya wazungu iliyoletwa na mashirika. Tunaomba tuwakumbushe wazee wetu yale wanayoyajua kuliko sisi.

Fundi wa mashua wa pwani yetu, kabla chombo hakijateremshwa majini, hupaka tumbo lake deheni, yaani chokaa iliyokandwa na shahamu ya wanyama, ili mdudu wa baharini asitoboe mbao. Juu ya maji hupaka sifa, mafuta ya samaki, kuukinga mti na jua. Ndani ya maungo hutia pamba ya kalafati. Huo ni udongo wa bahari, mafuta ya mnyama na nyuzi za shamba, vyote juu ya mti mmoja. Na fundi akimaliza kazi ngumu, bado hupata nafasi ya kuchora nyota au ua kwenye tezi. Hakuna aliyemwambia ni anasa.

Ndugu zetu Wamakonde wa uwanda wa Mueda wana vinyago vya mapiko. Mengine ya mapiko si ya kusemwa hadharani, nasi hatuyasemi. Lakini sura yenyewe kila mtu ameiona uwanjani: imechongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuibeba kichwani, imepakwa rangi, imebandikwa nywele za kweli, na chale za usoni mara nyingi zimefanywa kwa nta ya nyuki. Zipo za watu, na zipo za wanyama. Kama ni kuchanganya vitu vya pori juu ya mti, Cabo Delgado haikungoja kufundishwa.

Na wakimbizi si sisi wa kwanza. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu wa mkoa wetu walivuka Ruvuma na kuishi katika makambi ya kusini mwa Tanzania, kama Rutamba. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa wamekwenda Tanganyika hata kabla ya hapo, wakifanya kazi katika mashamba ya mkonge na kuuza vinyago Dar es Salaam. Katika miaka ya vita, vinyago vilivuka mto kwenda kuuzwa, na fedha yake ikasaidia mapambano.

Huko huko Dar es Salaam mwaka 1968 akatokea Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa wilaya ya Tunduru, upande wa pili wa Ruvuma, na mama yake alikuwa Mmakua, kabila ambalo watu wengi wa mkoa wetu ni ndugu zao. Hakusomea uchoraji. Alikuwa amefanya kazi za mikono hapa na pale, zikiwemo za mashamba ya mkonge na utumishi wa nyumbani. Alichukua mbao nyembamba za kuwekea dari, akanunua rangi ya kupakia baiskeli kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi, akachora wanyama na ndege, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa zake, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo jina lake ndilo jina la aina nzima ya uchoraji. Ubao wa dari na rangi ya baiskeli! Mtu asituambie kwamba kambini hakuna vifaa.

Mwingine ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania na kufariki mwaka 2005. Alianza kwa kuchonga, kisha akaingia katika rangi, akachora juu ya mbao na hata juu ya ngozi ya mbuzi, na kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Mashetani yake yana masikio makubwa na vidole vichache, yanacheka na kugombana kama sisi kwenye foleni ya maji. Tunawataja watu hawa ili watoto wajue kwamba njia hii imekwisha kupitwa.

INAVYOTENGENEZWA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tunaieleza kwa utaratibu ili mzazi anayetaka kufanya nyumbani aweze.

Kwanza ni ubao. Tunatumia mabaki: masanduku yaliyovunjwa, vipande vilivyobaki kwa maseremala, na mbao tatu za mtumbwi uliokufa ambazo jamaa mmoja alituletea alipokwenda kutazama nyumba yake. Mpingo hatuutumii, ni mzito, mweusi, tena una mafuta, rangi haiushiki. Ubao hukaushwa kivulini siku kadhaa, maana ukikaushwa juani hupinda. Kisha husuguliwa kwa mchanga na kitambaa mpaka kiganja kikipita hakichomwi.

Pili ni gundi. Mkanju uliokatwa kidogo hutoa utomvu unaokauka kama kahawia ya kioo. Tunauloweka katika maji usiku kucha, asubuhi tunauchuja kwa kitambaa. Hiyo ndiyo gundi ya rangi zetu zote. Uji wa muhogo pia hushika, lakini mende huupenda kuliko sisi, kwa hiyo tunautumia kwa kubandika kitambaa tu.

Tatu ni tabaka la chini. Chokaa iliyochanganywa na gundi hupakwa mara mbili juu ya ubao. Bila hiyo, mti hunywa rangi yote.

Nne ni rangi zenyewe. Nyekundu na manjano ni udongo, uliosagwa, ukapepetwa, ukatuamishwa katika maji na kukaushwa tena. Nyeusi ni makaa. Nyeupe ni chokaa, na wasichana wengine hutumia msiro, ule ule ambao mama zao husaga juu ya jiwe na kupaka usoni. Kahawia ni ganda la mkoko lililochemshwa, kama babu zetu walivyotia rangi nyavu na matanga. Buluu ni ile ya kufulia nguo, ambayo pwani nzima imeipaka kutani pamoja na chokaa. Kijani kilitusumbua. Majani yaliyosagwa hupendeza siku ya kwanza, lakini jua huyala na baada ya wiki chache picha inabaki kama majani makavu. Tukagundua kwamba makaa kidogo ndani ya udongo wa manjano hutoa kijani cha mkoko wa jioni. Udongo hauli jua. Ulikuwa juani kabla yetu.

Tano ni kubandika. Hapa ndipo watoto hufurahi. Kome lililovunjika huwa jiwe la mwamba, nyuzi za nyavu huwa mizizi ya mkoko, ukili huwa tanga, mchanga wenyewe hunyunyizwa juu ya gundi mbichi ukawa pwani. Kipande cha kapulana ya bibi kikawa nguo ya mwanamke anayeokota chaza. Mtoto anapobandika mizizi ya mkoko anauliza: kwa nini mti huu unasimama juu ya miguu? Basi mzee aliyepo anaeleza habari za tope, za maji yanayojaa na kupwa, za kaa na samaki wadogo wanaolelewa humo. Somo limekwisha kufundishwa na mwalimu hajashika chaki.

Mwisho ubao husuguliwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta kidogo, ili maji yasiingie.

MAKATAZO

Kuna mambo tumeyakataza, na tunaomba wazazi watusaidie.

Mtoto asipasue betri za redio au tochi kwa ajili ya unga mweusi. Ni sumu mikononi na kifuani. Makaa yanatosha.

Mafuta ya ganda la korosho yanafaa kuzuia mchwa, lakini yanachoma ngozi kama moto. Hupakwa na watu wazima peke yao, nyuma ya ubao, na kwa kijiti.

Mkoko usikatwe kwa ajili ya picha. Tunachukua maganda ya nguzo na kuni zilizokwisha kukatwa. Kome lenye mnyama hai hurudishwa. Itakuwa aibu kuchora bahari huku tunaimaliza.

Na mlango wa choo si ubao wa kuchorea. Tumeeleweka.

MASWALI YA WAZEE

Mzee mmoja alituita faraghani akatuuliza juu ya kuchora viumbe vyenye roho. Ni swali la haki, na tulikwenda kwa mashekhe kabla ya kuendelea. Tulikubaliana hivi: mzazi asiyependa mwanawe achore mtu au mnyama, mtoto wake atachora miti, vyombo, mawimbi, makome na nyota. Ndiyo maana wanawake wa kwenye mbao hizi hawana sura usoni, na picha zilizo nzuri kuliko zote ni za miti. Hakuna mtoto aliyeachwa nje.

Mama mmoja aliuliza kwa sauti, tena mbele ya watu: tunakosa unga, ninyi mnabandika makome? Mama yetu alisema kweli. Ubao haujazi sufuria. Lakini tunamwomba atazame jambo moja. Watoto walipopewa karatasi huru mwanzoni, wengi walichora bunduki, moto na watu waliolala chini. Hatukuwakataza, waliyaona. Ila mtoto hawezi kurithi hayo tu. Akiulizwa kwenu wapi, asiwe na jibu la moto peke yake. Kwao kulikuwa na mwamba, na mwamba una jina.

JE, ZINAUZWA?

Sasa swali la tatu. Kamati inajua, na ni haki jamii yote ijue, kwamba yupo mgeni aliyezipenda mbao zote 18 na kutaka kuzinunua kwa pamoja azipeleke nje zikaonyeshwe. Ni mtu mwema na fedha aliyotaja si ndogo. Ingetupatia mabati na madawati. Wazazi wamegawanyika, na kila upande una hoja. Hata sisi walimu tulikesha na jambo hili.

Tunaomba tueleze tulichokiona katika mbao hizi wakati zikitengenezwa, ambacho hatukukitarajia.

Ubao wa mbuyu ulianza kama picha ya mti. Mzee mvuvi alipouona akasema umekosewa mahali. Mbuyu huo hausimami peke yake, nyuma yake kuna mnazi mrefu, na ukiwa baharini ukaona mnazi umejificha nyuma ya mbuyu, tia nanga, hapo chini pana mwamba wa changu. Mtoto akaongeza mnazi. Mzee wa pili akaongeza kijia. Bibi akasema kijia hicho kinapita makaburini, akataja makaburi ya nani. Ubao mwingine una hori, na wanawake watano walibishana siku nzima juu ya mahali chaza walipokuwa wengi, mpaka wakakubaliana, na kila mmoja alibandika kome lake.

Ndugu zetu, rasi ya Afungi imebadilika mara mbili mbele ya macho yetu. Kabla ya shambulio la Palma, baadhi ya watu wa Quitupo walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi, wakaacha miti na makaburi nyuma. Kisha vita vikatutawanya wote. Mzee aliyejua alama za bahari kutoka Maganja hadi Milamba hakuziandika popote, kwa sababu alama zenyewe zilikuwa zimesimama pale. Sasa miti mingine haipo na wazee wanatuaga mmoja mmoja. Hizo mbao 18 zimekuwa daftari. Mtu hauzi daftari lenye nakala moja.

Kwa hiyo sisi walimu tunapendekeza mbele ya Kamati, na jamii itaamua:

Kwanza, mbao hizi 18 za mwanzo zisiuzwe. Ziwe mali ya jamii, zitunzwe na Kamati, na wakati wa kurudi Afungi zirudi pamoja nasi, zikatundikwe katika shule ya huko. Wapo jamaa waliokwisha kurudi. Tutawauliza kama miti ya kwenye mbao bado imesimama.

Pili, zitengenezwe mbao nyingine za kuuzwa, za miti, makome na mashua, bila alama za uvuvi na bila makaburi. Anayenunua atapata kitu kizuri, na siri ya mwamba itabaki kwa mvuvi.

Tatu, fedha ya mauzo igawanywe wazi: sehemu kwa aliyechora, sehemu kwa vifaa, sehemu kwa shule. Hesabu ibandikwe ukutani. Jina la mtoto liandikwe nyuma ya ubao pale tu mzazi atakaporidhia.

Nne, wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru kwa mapenzi yenu, na tunawaomba haya: mkitaka kupiga picha, ulizeni kwanza, mkitaka kusaidia, tuleteeni randa, misumeno midogo, na taa moja ya banda. Mkitaka kumwonyesha mtu ng'ambo kazi ya watoto hawa, msiseme ni picha za huzuni za wakimbizi. Semeni ni picha za pwani, zilizochorwa na wenyewe.

Mgeni aliyetaka kununua tumekwisha kuzungumza naye kabla ya leo, ili asisikie jambo hili uwanjani. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuagiza ubao wa mkanju. Tumemwambia anaweza, lakini angoje, maana mchoraji wake ana mtihani.

Wazee wetu, mama zetu, banda liko wazi kila Jumamosi asubuhi. Hatuhitaji mjue kuchora. Tunahitaji mje mseme kwamba tumekosea mahali. Njooni na majina ya samaki, ya pepo, ya mashamba, ya visima. Mwenye kipande cha ubao alete, mwenye kome lililovunjika asilitupe. Bado hatuna ubao wa ngalawa usiku, hatuna wa nguva, na watu wa Senga wamelalamika, kwa haki kabisa, kwamba hawana hata mmoja.